SOMO: Kamera ya mtumba, lenzi moja, na kuediti picha bila kumchubua mtu

Wakuu salama? Naona swali la "ninunue kamera gani" haliishi, na majibu mengi ni kutajiana mamodeli ya mamilioni kwa mtu ambaye anataka tu kuwapiga picha wanae na shughuli za familia. Mimi ni wa hobi, silipwi na mtu, nilianza enzi za mkanda tunapeleka studio kusafisha, kwa hiyo naeleza nilivyochagua mimi na sababu zake. Wale wa kulipwa kwenye maharusi mpite tu, nyie mahitaji yenu mengine.

Hatua ya 1: Bodi (kamera yenyewe, bila lenzi)

Chukua DSLR ya mtumba, yaani kamera ya lenzi za kubadilisha yenye kioo ndani. Dunia imehamia kamera zisizo na kioo, kwenye fulu fremu (sensa, yaani kidaka mwanga, ya saizi ya mkanda wa zamani) Sony aliwatangulia na A7 mwaka 2013, Canon na Nikon wakaja na zao 2018, na watu wanavyohama ndo mizigo ya zamani inashuka bei sisi tunaokota. Mi natumia Nikon D7000, toleo la 2010, pikseli milioni 16. Najua kuna mtu anacheka hapo, simu yake ina 50. Haya tupige hesabu, picha ya D7000 ni pikseli 4928 kwa 3264, na karatasi ya A3 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inataka 4961 kwa 3508, yaani unakaribia kabisa. Nani humu ana picha ya A3 ukutani kwake?

Nikaichagua hiyo badala ya D3100 au D5100 kwa sababu ina mota ya fokasi ndani ya bodi, inayozungusha lenzi yenyewe mpaka picha iwe kali. Hizo ndogo hazina, ukizifungia lenzi za zamani za Nikon kama 50mm f/1.8D utazungusha fokasi kwa mkono mpaka mtoto akimbie.

Ukienda kukagua usiende na hela tu, nenda na tochi na memori kadi yako. Fungua lenzi, mulika kwa nyuma uangalie kwa mbele, ukiona nyuzinyuzi zimesambaa ndani ya kioo hiyo ni fangasi, na sisi wa Pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, tunazo nyingi sababu ya unyevu. Rudisha, usipunguziwe bei, rudisha. Kisha weka f/16 (tundu la lenzi linakuwa dogo) upige anga tupu, ukikuza ukakuta vidoti vyeusi ni vumbi kwenye sensa, hilo linasafishika, hapo ndo pa kushusha bei. Mwisho piga picha moja kwenye kadi yako usome idadi ya shata, yaani kamera imeshapiga picha ngapi, Nikon inaiandika ndani ya faili lenyewe na kuna programu za bure za kuisoma. Shata ya D7000 ilipimwa kwa mizunguko 150,000. Muuzaji akisema "imetumika kidogo bosi" we nyamaza, soma namba.

Hatua ya 2: Lenzi

Fupi tu. Ile 18-55 inayokuja na kamera ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu, na namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la mwanga linakuwa kubwa. 35mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Sebuleni usiku kwenye taa moja, hapo ndo tofauti ya picha na matope. Kwenye D7000 hiyo 35 inaona kama 50 ya enzi za mkanda. Haizumu, unazumu kwa miguu.

Hatua ya 3: Weka RAW

JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha kubanwa, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW, yaani faili ghafi la kamera, ya biti 14 ina 16,384. Faili linafika kama megabaiti 20, ndio, nunua kadi kubwa na diski ya pembeni, kumbukumbu za familia ziwe sehemu mbili, sio laptopu peke yake.

Hatua ya 4: Ngozi zetu na mita ya kamera

Hapa nitulie kidogo, maana ndo watu wanalaumu kamera bure.

Mita, kile kipima mwanga cha kamera, haijui huyu ni babu na ile ni kanzu. Yenyewe inachukulia kila kilichomo kwenye fremu ukikichanganya kinatoka kijivu cha kati, basi. Babu kavaa kanzu nyeupe, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa saa tano asubuhi, weupe umejaa, kamera inaona mwanga umezidi inaukata, kanzu inatoka kama haijafuliwa na sura ya babu huioni. Unabonyeza kitufe cha +/- unapanda +1. Geuza sasa, kijana mweusi, suti nyeusi, nyuma pazia jeusi, kamera inapandisha mwanga mpaka shavu linatoka la majivu. Unashuka -0.7 hivi. Halafu washa ile ya kupepesa sehemu zilizoungua kwa mwanga kwenye skrini, mkunjo mmoja wa kanzu ukipepesa sio kesi, kanzu nzima ikipepesa rudi chini kidogo.

Kingine, ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, sio kwa kumwagiwa mwanga. Jua la saa sita linakaa utosini, macho yanageuka mashimo. Mtoe juani, muweke barazani, hatua moja ndani ya kivuli, uso uangalie nje. Anga yote ile inakuwa taa kubwa moja, utaona mstari laini wa mwanga kwenye shavu na kwenye paji la uso, hiyo ndo picha. Kama kuna ukuta mweupe ng'ambo ya uchochoro ndo unapata na taa ya pili ya bure.

(Na msijilaumu kwa picha za zamani za albamu za nyumbani ambazo wazee wetu wote ni vivuli. Maabara za Kodak zilikuwa zinapima rangi kwa picha za mfano zilizoitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi Shirley alikuwa mwanamke wa kizungu. Sie hatukuwemo kwenye kipimo.)

Hatua ya 5: Kuediti

Natumia darktable, programu ya kompyuta ya kuediti RAW, ya bure. Tuendelee na babu yule yule.

Anza na mizani ya rangi (white balance). Bofya kitu cheupe kweli, sio kanzu ya rangi ya maziwa, ukibofya hiyo unampa babu uso wa bluu. Halafu mwanga wa jumla, uuweke kwa kuangalia USO, kanzu iache kwanza hata ikionekana imezidi. Ndo unashusha sehemu nyeupe taratibu mpaka uone darizi za shingoni zimerudi, RAW inakuwa imezitunza. Vivuli panda kidogo sana, ukizidisha upande wa giza wa uso unakuwa wa kijivu na chengachenga zinatokea. Weusi rudisha chini kidogo ili picha isipauke.

Rangi za ngozi zetu ziko kwenye machungwa na nyekundu. Ule mwangaza wa machungwa usiupandishe! Hapo ndo studio nyingi zinachubua watu bila krimu, mtu anaingia mweusi wa Newala anatoka anafanana na tangazo la sabuni. Na mikunjo ya babu iache, kaihangaikia miaka.

Maswali karibuni.

---

kijana_wa_relini: Mkuu somo limekaa poa. Mi shemeji ana Canon 600D ananiuzia, niichukue au nitafute Nikon?

Jibu: Chukua Canon mkuu, maana shemeji ana lenzi utaazima. Tena Canon lenzi zote za EF zina mota ndani yake, lile tatizo la mota ya bodi halikuhusu. Ila idadi ya shata kwenye Canon nyingi haimo ndani ya faili la picha, inataka programu na waya, hivyo angalia zaidi hali ya bodi, raba, vitufe. Shemeji nae mulike lenzi zake, undugu haufukuzi fangasi.

Bibi Mitandao: Mwanangu mimi nina simu tu. Hayo ya kanzu naweza?

Jibu: Shikamoo bibi. Unaweza kabisa. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, kinatokea kijialama cha jua, kivute juu au chini, ndo kile kitufe changu cha +/-. Kuediti weka Snapseed, ni ya bure.

Chuma Chakavu: Kaka mbona unateseka na darktable, mi nna Lightroom ya kukraki inapiga kazi.

Jibu: Na virusi vyake je? Lightroom, programu ya kuediti ya kampuni ya Adobe, ya kununua mara moja iliishia toleo la 6 la 2015, sasa ni kulipia kila mwezi na mi wa hobi siwezi kuwa na kodi mbili. darktable inakera wiki za mwanzo, sikatai, vitufe vingi mno. Ikikushinda jaribu RawTherapee, bure nayo.

mpenda_mwanga: Picha kwenye kompyuta kali, nikimtumia mtu WhatsApp zinakuwa ukungu. Tatizo?

Jibu: WhatsApp inazikamua. Tuma kama dokumenti, sio kama picha.

binti_mwambao: Kaka shughuli zetu zote chini ya turubai la bluu. Watu wanatoka kama wamezama baharini, nimehangaika na mizani ya rangi nikiwatoa bluu usoni nyuma kunakuwa njano.

Jibu: Hiyo dada ni mianga miwili inagombana, bluu ya turubai na jua la pembeni, mizani moja haiwezi kupatanisha. Suluhisha kabla ya kupiga. Wasogeze ukingoni mwa turubai wageukie nje.

binti_mwambao: MC hataki watu watoke kwenye viti 😂

Jibu: Hao ma-MC! Basi flashi, ila USIIGEUZIE juu kwenye turubai kama tunavyofanya ukumbini kwenye dari nyeupe, itarudi bluu ile ile. Ielekeze kwa mtu moja kwa moja, punguza nguvu -1, ifunike na kitambaa cheupe chembamba, mwambie na jirani mwenye khanga nyeupe akae ule upande wa pili ili irudishe mwanga usoni.