Kabla hujashuka mikokoni Kaole

Unakwenda Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, kuona magofu na mikoko? Beba maji ya kunywa, kofia na hela ya kiingilio. Magofuni jisitiri. Pana msikiti wa karne ya 13 na makaburi, na wapo wanaofika kuomba dua, kwa hiyo usipande juu ya kaburi kupiga picha. Ukiona kigae cha chombo cha kale, kiache palepale. Mkoko usikate hata tawi: ni msitu wa hifadhi, na kamba na samaki wadogo wanakulia humo. Chukua mwenyeji akuonyeshe aina za mikoko: mchu, mkandaa na msinzi. Hapo palikuwa bandari, mchanga na mikoko vikaifunga.

Sasa maji, na hili lisome mara mbili. Kabla hujashuka, uliza mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hupwa sana na kujaa sana: pwani hii maji hukupwa mnamo saa 4 asubuhi, hujaa mnamo saa 10 jioni, na kati ya kupwa na kujaa yanapanda zaidi ya mita 3. Kila siku yanachelewa kama dakika 50.

Mimi na mdogo wangu hatukuuliza. Tulishuka mchana, siku moja baada ya mwezi mpevu, mchanga umekauka mpaka mbali. Tukakaa ukingoni tukitazama kaa. Mbele bahari ilikuwa bado mbali. Tulipogeuka, kijito tulichokivuka kwa tope la vifundoni kilikuwa kimenifika kiunoni. Mdogo wangu akazama topeni hadi magotini, kandambili zikabaki humo, na chaza waliogandia mizizi wakamchana kisigino. Alitutoa mzee mmoja mvuvi, kwa mtumbwi. "Wanangu," akasema, "maji ya hapa hayakujii usoni. Yanakuzunguka mgongoni."

Basi vaa viatu vya kufunga, siyo kandambili. Tazama vijito, siyo bahari. Maji yakianza tu kuingia, rudi. Watoto wasitangulie. Na ukiendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mto Wami una mamba na viboko: ukipanda boti vaa boya, mkono usiutie majini, na ukingoni usishuke mpaka mwongozaji akuambie.