Namna ya kuisoma ofisi ya timu ya baskete kabla timu haijaanguka

Hapa Lubumbashi timu ikifungwa mechi tano mfululizo, watu wanaanza na kochi. Kochi hajui kubadilisha wachezaji, kochi kachoka, kochi aende kwao. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Kamalondo, na mzigo mbovu ukifika dukani simuulizi anayeupanga kwenye rafu, natafuta karatasi nione nani alitia sahihi. Timu ya kulipwa nayo huoza ofisini miaka miwili mitatu kabla ya tereni, yaani uwanja wenyewe, kuonyesha. Karatasi za NBA, ligi ya kulipwa ya baskete ya Marekani, ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na mega, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Chukua daftari, ulilaze. Juu andika miaka mitano ijayo, kushoto majina ya wachezaji. Mishahara utaipata kwenye tovuti ya Spotrac, mwaka kwa mwaka. Chini ya mwaka wa mwisho wa kila mkataba andika umri atakaokuwa nao mchezaji siku hiyo, maana umri wa leo haukusaidii kitu. Kama mwaka huo wa mwisho mchezaji ndiye anayeamua kubaki au kuondoka, zungushia duara. Duara likizunguka mshahara mkubwa kuliko thamani ya mtu, hesabu kwamba atabaki. Nani ataacha pesa mezani?

Fanya mazoezi na Orlando Magic ya 2016, kwa sababu ndiyo iliyotugusa sisi. Bismack Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi, kazaliwa hapa 1992. Mei 2016 akiwa Toronto aliokota ribaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland, rekodi ya klabu. Alikuwa akilipwa karibu dola milioni 3 kwa mwaka. Wakati huohuo kikomo cha mishahara cha NBA kilikuwa kinaruka kutoka milioni 70 hadi milioni 94 kwa mkupuo mmoja, maana fedha za mkataba mpya wa televisheni ziliingia zote pamoja. Timu nyingi zilijikuta na pesa mkononi siku moja, na pesa ya namna hiyo inawasha mfuko. Julai Orlando ikampa mkataba ulioripotiwa kuwa milioni 72 kwa miaka 4, na mwaka wa nne una duara.

Mitaa ya Kenya na Katuba, hapahapa Lubumbashi, watu walishangilia, na walikuwa na haki. Sina neno baya juu ya Biyombo: mtu hakatai mshahara aliopewa, na baadaye alitoa mshahara wake wa msimu wa Phoenix kujenga hospitali Kongo kwa kumkumbuka baba yake. Swali ni la aliyetia sahihi upande wa pili. Nafasi ya katikati tayari ilikuwa na Nikola Vučević. Siku chache kabla walikuwa wamemleta Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, naye mtu wa karibu na kikapu. Aaron Gordon, kijana wa kuruka, akasukumwa pembeni acheze nafasi isiyo yake. Ukiandika majina hayo kwenye daftari lako kwa nafasi, unaona mlundikano kabla mpira haujarushwa. Msimu huo walishinda mechi 29, wakapoteza 53.

Sasa fuata mnyororo. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Usihukumu badilishano moja moja, maana kila moja siku yake huonekana lina akili. Andika kilichotoka, kilichoingia, na kilichoingia kilibadilishwa na nini. Februari 2016 Orlando ilimpeleka Tobias Harris Detroit, ikapata Brandon Jennings na Ersan Ilyasova. Jennings akaondoka kiangazi hichohicho bila kuacha kitu. Juni, usiku wa drafti, ambapo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, Ilyasova akaongezwa juu ya Victor Oladipo na Domantas Sabonis, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa usiku huohuo, ili kumpata Ibaka ambaye mkataba wake ulikuwa umebaki mwaka mmoja. Februari 2017 Ibaka akapelekwa Toronto kwa Terrence Ross na zamu moja ya drafti, ya mwishoni mwa raundi ya kwanza. Funika katikati kwa kidole: walitoka Harris, Oladipo na Sabonis, wakabaki na Ross na zamu hiyo. Oladipo na Sabonis wote wawili walikuja kucheza mechi ya nyota wakiwa Indiana. Dukani kwetu mtu akibadilisha mifuko mia ya simenti kwa ndoo ya rangi kupitia mikono mitatu, bado ni mifuko mia kwa ndoo.

Mtoto wa dada yangu hukasirika nikifika hapo. “Mama mdogo, bosi wa Orlando alikuwa analinda kazi yake! Miaka minne bila mtoano, angefanya nini?”

Anasema kweli, na kweli hiyo ndiyo safu ya mwisho ya daftari. Chini ya ukurasa andika mkataba wa bosi mwenyewe: aliingia lini, ameshindwa misimu mingapi, mwenye timu ameanza kununa lini. Rob Hennigan, meneja mkuu, aliingia Orlando 2012, akafukuzwa Aprili 2017. Mkataba wa Biyombo ulikuwa unaishia 2020. Miaka mitatu ya deni ilimwangukia mtu mwingine, ambaye Julai 2018 alimpeleka Charlotte na kupokea Timofey Mozgov, mwenye mkataba mzito wa kiangazi kilekile cha 2016. Mozgov hakucheza hata dakika moja kwa Orlando. Mtu anayeogopa kufukuzwa mwakani hulipa kwa miaka ambayo hatakuwepo. Ukiona miaka ya deni inapita miaka ya bosi, usingoje matokeo.

Deni baya zaidi halionekani kwenye mishahara. Ni zamu za drafti. Zitafute kwenye tovuti ya RealGM, uziandike kwa rangi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwenye Cleveland, Ted Stepien, aligawa zamu za raundi ya kwanza hadi ligi ikaweka kanuni, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake: timu haiwezi kuuza zamu zake za raundi ya kwanza kiasi cha kubaki bila hata moja miaka miwili ijayo mfululizo. (Zamu moja iliyotoka Cleveland wakati huo iliwapa Lakers James Worthy mwaka 1982.) Kanuni ina upenyo. Inazuia kuuza, haizuii kumpa mwingine haki ya kubadilishana zamu nawe kama yako ni nzuri kuliko yake. Kwa hiyo ukiona mwaka mmoja imeuzwa, unaofuata haki ya kubadilishana, unaofuata imeuzwa tena, ujue mtu amepita kwenye upenyo huo.

Brooklyn 2013 ndio mfano wake. Kuwapata Kevin Garnett, Paul Pierce na Jason Terry kutoka Boston, walitoa zamu za 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana 2017. Garnett alikuwa na miaka 37. Walipata raundi moja ya mtoano, basi. Terry aliondoka Februari 2014, Pierce Julai 2014, Garnett Februari 2015. Meneja mkuu Billy King akaondolewa Januari 2016. Deni likaiva baada ya wote kuondoka: Brooklyn ilishinda mechi 21, kisha 20, na kwa zamu hizo Boston ikawachagua Jaylen Brown 2016 na Jayson Tatum 2017, waliobeba ubingwa wa 2024. Kochi wa Brooklyn wa miaka ile angefanya nini? Hata kufungwa hakukuwa na faida kwao, maana zamu nzuri anayoipata aliyefungwa sana ilikuwa inakwenda Boston.

Mishahara ya wasiokuwepo ipe mstari wake pia. New York Knicks walimpa Larry Brown mkataba ulioripotiwa kuwa dola milioni 50 kwa miaka mitano, wakashinda 23 na kupoteza 59 msimu wa 2005-06, wakamfukuza, na mwisho wakamalizana kwa milioni 18.5. Ofisi inayolipa makochi wawili huku mmoja kakaa nyumbani inakuambia kitu.

Jambo la mwisho la kukagua ni namna kitu kilivyouzwa. Kitu cha thamani unakitangaza, unasikia bei za watu, ndipo unauza. Usiku wa kuamkia 2 Februari 2025 Dallas ilimpeleka Luka Dončić Lakers, miaka 25, miezi minane tu baada ya kuifikisha fainali, ikapokea Anthony Davis wa miaka 31, Max Christie na zamu moja tu, ya 2029. Timu nyingine nyingi hazikujua hata kwamba yuko sokoni. Nico Harrison, meneja mkuu wa Dallas, alifukuzwa Novemba mwaka huohuo. Hapo katikati Dallas ilishinda bahati nasibu ya drafti, inayoamua nani achague kwanza, kwa nafasi ya asilimia 1.8 na kumpata Cooper Flagg. Watu wa tereni wakaniambia, ona, mambo yamejipanga. Bahati iandike kwenye safu yake yenyewe, usiichanganye na kazi ya ofisi.

Timu zetu hazina Spotrac. Niliwahi kuitwa kupanga hesabu za klabu moja ya hapa mjini, sitaitaja. Daftari lilikuwa na safu moja tu: pesa zinazotoka. Safari ya Likasi, maji, marefa, bukari ya wachezaji baada ya mechi, vyote kwa franga, na jezi kwa dola. Safu ya kuingia haikuwepo, kwa sababu kuingia kulikuwa ni mfuko wa prezida. Siku prezida alipogombana na katibu, safari ya Likasi ikafa. Wachezaji hawakuwa wameshuka kiwango hata kidogo.

Kwa klabu ya namna hiyo usiulize mishahara, hawatakuonyesha. Uliza nani mwenye sahihi ya pili benki, kama akaunti ipo. Uliza leseni za wachezaji zinakaa kwa nani, na basi limeandikwa kwa jina la nani. Ukijibiwa jina moja kwa maswali yote matatu, mwaka wa mwisho wa klabu ni mwaka ambao mtu huyo atachoka. Uandike kwa penseli.

Ukurasa wa NBA ufungue mara tatu kwa mwaka: drafti ya Juni, mikataba ya Julai, na siku ya mwisho ya kubadilishana, Februari, inayofungwa saa nne usiku kwa saa zetu. Usiku huo majina yanashuka haraka na vijana wanapiga kelele kwa kila nyota anayehama. Wewe andika kwanza mwaka wa zamu iliyotoka, halafu jina. Na chaji simu mchana, maana umeme wa SNEL hauna habari na kochi yeyote aliyefukuzwa.