Kukimbia baridi ya Minnesota na trela la kulala mpaka pwani ya Texas

Kama uko Minnesota na Januari imeshakuchosha, shika barabara kuu ya I-35 kusini mpaka San Antonio alafu I-37 ikushushe Corpus Christi, barabara ni hizo mbili tu. Kazi iko kabla hujatoka. Mzigo unaokalia ndoano ya gari uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela lote, maana ukijaza vizito nyuma litaanza kuyumba mkia hasa lori likikupita, na likiyumba usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta taratibu na ubonyeze breki za trela kwa mkono. Minyororo ya usalama ipishanishe chini ya ndoano, trela ikichomoka, ulimi wake (ule mkono wa mbele unaoungana na gari) unadakwa hapo badala ya kulima lami. Upepo wa tairi pima zikiwa hazijapata moto, na angalia umri wake, tairi la trela linapasuka huku kashata bado zipo.

Maji usijaze kwenye mabomba kwenye theluji! Ile dawa ya pinki ya kuzuia mabomba yasigande iache humo, hata Oklahoma bado panaganda, njiani tumieni madumu.

Ukifika, Mustang Island State Park, hifadhi ya pwani karibu na Corpus Christi, ina sehemu za kuegesha trela zenye umeme na maji ila buku mapema, wazee wa kaskazini wanajaa. Kambi ya Malaquite, kule Padre Island, hakuna umeme wa kuchomeka, ila mi ndo napapenda, bahari iko hapo hapo. Turubai la kivuli likunje kabla ya kulala, upepo wa pale hauna adabu.