Rivolva ndogo: wepesi usikudanganye

Kama uko Marekani, una haki ya kubeba silaha kisheria na unatafuta rivolva ndogo (bastola yenye silinda inayozunguka, ambamo risasi hukaa) isiyomaliza akiba, usichague kwa wepesi peke yake. Dukani ile nyepesi hupendeza mkononi. Lakini Smith & Wesson 642 ina gramu 400 na kidogo tu, na ukifyatua risasi za aina ya .38 Special, kishindo chote kinaishia kiganjani. Baada ya risasi chache mkono unauma, unaanza kufumba macho kabla hujafyatua, na shabaha inapotea. Taurus 856 ya chuma ina zaidi ya gramu 600, hubeba risasi 6 badala ya 5, na kwa kawaida bei yake iko chini. Anayeanza ningemshauri achukue hiyo. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola, kwa hiyo zijaribu zote mbili kwanza.

Ukinunua iliyotumika, fungua silinda uhakikishe matundu yote ni matupu, kisha ifunge na uisukume kwa kidole huku na huku. Ikilegea sana, iache.

Tenga pia pesa ya ala ngumu ya kubebea bastola inayofunika kifyatulio chote, na kisanduku cha kufuli cha nyumbani. Juu ya kabati si mahali salama, watoto hupanda. Na ukisafiri, angalia sheria ya jimbo unakokwenda: New York haitambui kibali cha jimbo lingine.