Kuandika maneno ya nyuma ya jalada la riwaya pendwa ya wanawake

Juzi nilikaa na mwandishi mwenzangu tukihangaika na maneno ya nyuma ya jalada la riwaya yake ya kwanza. Naziweka hapa hatua tulizopitia, kwa yeyote anayeandika riwaya pendwa za kusomwa na wanawake.

1. Andika mambo matatu

Mhusika mkuu ni nani, anataka nini, nini kinamzuia. Tumia kalamu na karatasi. Zile fomu za mtandaoni za kujaza mapengo ziache, maana hutoa maneno yanayofanana kwa kila kitabu.

2. Amua unauza hadithi gani

Hapa usiwe na haraka. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kinaitambua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili: mapenzi ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho unaridhisha na una matumaini. Msomaji wa aina hiyo huchukulia hayo kuwa ahadi. Mills & Boon, kampuni ya kuchapisha vitabu iliyoanzishwa London mwaka 1908, ilijijengea jina kwa vitabu ambavyo msomaji anajua atapata nini kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Ukimwahidi mapenzi kisha wapenzi wakaachana, atakasirika, na atakuwa na haki.

Basi mwondoe mwanamume kwenye hadithi, uone kinachobaki. Kama hakibaki kitu, hiyo ni riwaya ya mapenzi: wataje wote wawili na kinachowatenganisha. Kama bado kuna mama, kazi, urafiki uliovunjika au talaka ya kupona nayo, unauza safari ya mwanamke, na huyo mwanamume apewe sentensi moja tu, au asitajwe kabisa. Wahusika wakuu wakiwa wawili, mama na binti tuseme, anza na yule anayefungua sura ya kwanza. Mpenzi akifa mwishoni, usifichue kifo chenyewe, lakini usiyapambe maneno kwa rangi ya harusi.

Riwaya za kuchekesha zina sharti la ziada. Bridget Jones's Diary ya Helen Fielding, iliyotoka 1996, ilianzia kwenye safu ya gazeti, na mvuto wake ni sauti ya mwanamke anayeandika kila siku uzito wake, pombe na sigara. Kitabu cha namna hiyo kikielezwa kwa lugha ya barua ya ofisi, msomaji wake atakipita. Sauti ya mhusika isikike hata nyuma ya jalada.

3. Andika maneno 150 hivi

Tumia wakati uliopo, na usisimulie yanayotokea baada ya katikati ya kitabu. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Salma ni mwanamke jasiri ambaye maisha yake yanabadilika ghafla."

Salma huyo anaweza kuwa yeyote. Linganisha na hii:

"Salma amewalea wadogo zake watatu hadi wa mwisho ameoa. Wiki anayopanga kuhamia nyumba yake mwenyewe, mama aliyewatelekeza anabisha hodi, mgonjwa, akiomba chumba."

Sasa kuna uamuzi wa kufanya, na kila upande una gharama. Ishia hapo. Binafsi siyapendi kabisa maswali ya "Je, atapata furaha?" Msomaji anajua jibu, na nafasi imepotea bure.

4. Mjaribu msomaji

Mpe maneno yako mwanamke anayesoma aina hiyo ya vitabu na ambaye hajakisoma chako. Usimuulize kama amependa, kwa kuwa atakuonea haya. Mwombe akueleze anadhani kitabu kinahusu nini. Akikutajia mapenzi na wewe umeandika kuhusu dada wawili na urithi, rudi hatua ya pili.

5. Mpelekee maneno hayo mchoraji wa jalada

Ayasome kabla ya kuchora, si baada, ili picha ya mbele na maneno ya nyuma yauze kitabu kilekile.