Kulala ndani ya gari kando ya ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo: kwanza tafuta mahali pa juu

Ukisahau babula, jiko la makala (makaa), utaazima kijijini, na chumvi vilevile. Ila ukiegesha vibaya upande wa Goma, kaskazini mwa ziwa, huenda asubuhi usiamke. Kwa hiyo tuanze na kiwanja, samaki watangoja.

Kati ya Goma na Sake, hasa kwenye mawe ya volkano yaliyo karibu na maji, ardhi inatoa kaboni dioksidi. Ndiyo mazuku. Ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, haina rangi, na inatiririka kama maji hadi kujaa kwenye mashimo, nyufa na mabonde madogo. Mchana jua na upepo vinaitawanya. Usiku ukitulia inarudi, na kabla jua halijapasha mawe alfajiri ndipo inapoua mbuzi na mbwa, na watu pia.

Fika saa tisa alasiri, siyo gizani. Nenda kwa chifu wa kijiji, jitambulishe, muulize hali ya usalama ya siku hiyo, kisha tafuta wachungaji. Watoto wanaochunga mbuzi wanajua kila shimo lililowaulia mnyama. Zunguka mwenyewe kwa miguu: nyasi zilizokauka duara moja huku za pembeni ni kijani, mijusi, wadudu au ndege waliokufa bila jeraha, hapo ondoka. Chagua mgongo wa ardhi, mahali ambapo maji ukiyamwaga yanakimbia pande zote. Kibonde kizuri chenye kivuli na kisicho na upepo, ambacho kila mgeni anakipenda, ndicho kibaya zaidi.

Wengine hupima kwa mshumaa. Ukizimika, kimbia. Lakini ukiendelea kuwaka usijidanganye, maana hewa inaweza kukuumiza kichwa na kukukatisha pumzi huku moto bado unawaka. Sakafu ya gari kuwa juu kidogo nayo si kinga.

Ukiamka usiku kichwa kinagonga na unahema haraka, usiiname kutafuta viatu. Amsha wenzako, pandeni juu kwa miguu. Usipoteze muda na ufunguo: injini nayo inahitaji oksijeni, inaweza kukataa kuwaka. Na mtu akianguka shimoni, usimfuate bila hewa ya kupumulia. Ndivyo wanavyokufa wawili, watatu.

Upande wa Bukavu, kusini mwa ziwa, tatizo la kawaida ni udongo mwekundu: mvua ikinyesha, mteremko unakuwa sabuni. Egesha pua ya gari ikielekea njia ya kutokea, weka jiwe kwenye kila gurudumu la nyuma, upande wa chini ya mteremko. Juni hadi Agosti, kiangazi, ndiyo miezi rahisi.

Minibasi iliyotolewa viti vya nyuma inatosha watu wawili: ubao, godoro la sentimita 10, blanketi mbili kila mtu. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 14 hivi. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, upana wa vidole viwili, ziba kwa kipande cha chandarua. Ukifunga yote, pumzi zenu zitadondoka kutoka darini kufikia saa kumi alfajiri. Babula isiingie ndani kamwe, hata makala yakiwa majivu mekundu tu. Hiyo ni gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, na dirisha wazi halitoshi kukuokoa.

Tairi: mawe ya lava yanachana ubavu, siyo sehemu inayokanyaga barabara. Usipunguze upepo kama watu wa mchangani wanavyofanya. Tairi laini linavimba pembeni na hapo ndipo jiwe linakata. Beba la akiba, kriki (jeki), na ubao wa kuwekea kriki.

Maji: bidoni mbili za lita 20, moja ya kunywa, moja ya kuosha. Ya ziwani usiyanywe hivihivi, kipindupindu hakijaondoka huku. Yachemshe hadi yatokote dakika nzima, au tia matone 2 ya javeli (maji ya klorini ya kufulia) ya asilimia 5 kwa kila lita na usubiri dakika 30. Choo ni shimo la sentimita 20, hatua 70 kutoka majini. Kwenye lava huchimbi kitu, kwa hiyo beba ndoo yenye kifuniko na majivu.

Sasa samaki. Chini ya mita 60 hivi Kivu haina oksijeni, basi samaki wote wako tabaka la juu na huna haja ya kuzamisha ndoana chini sana. Kwa tilapia tumia ndoana ndogo, namba 8 au 10, mnyoo au donge la bugali, chelezo kikiacha ndoana sentimita 70 chini, kando ya matete, asubuhi mapema. Samaki wadogo kama dagaa waitwao sambaza waachie wenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Wanavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti vizuri. Nunua wanaporudi alfajiri, wale wenye macho angavu na ngozi ya fedha. Osha, tia chumvi, acha wachuje maji robo saa, kisha wakaange kidogokidogo kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Ukijaza sufuria mafuta yanapoa na unapata uji wa samaki.