Faili Limekwama Dirisha Gani? Namna ya kupima na kupunguza tofauti za huduma hospitalini

Saa nne na dakika kumi usiku waliingia mapokezi watoto wawili, wamefuatana. Wote wamevunjika mkono: mmoja kaanguka na baiskeli, mwingine kaanguka mwembeni. Mimi nilikuwa kwenye benchi, sijavaa sare, nina daftari na kalamu.

Baba wa mtoto wa kwanza alitoa kadi ya bima. Saa tano kasoro robo mwanawe alishachomwa sindano ya maumivu, anasubiri picha. Wa pili aliletwa na bibi yake. Bibi alipewa namba ya malipo, akaambiwa alipe kwa simu. Kisimu chake cha tochi hakina akaunti ya pesa. Akafungua fundo la khanga, akatoa noti. Mhasibu akamweleza kwamba dirisha halipokei pesa mkononi. Mawakala wa jirani walikuwa wameshafunga. Mjukuu wake alipata dawa ya maumivu saa saba kasoro dakika tano.

Hakuna aliyemdharau bibi yule. Nesi alimwamkia shikamoo, mhasibu alimpa pole, hata mlinzi alimtafutia kiti. Pole zilifika upesi; dawa ndiyo iliyochelewa. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na semina ya kauli nzuri kwa wagonjwa. Semina hizo nimehudhuria nyingi, soda nimekunywa, na madirisha yamebaki yalivyo. Unaanza na saa ya ukutani.

Hatua ya 1: Chagua safari moja yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza

Ukiingia kwenye kikao cha Timu ya Kuboresha Huduma na kusema "tuondoe upendeleo", watu watajitetea na chai itapoa. Taja kitu chenye mwanzo na mwisho unaoandikwa kwenye karatasi: tangu kufika hadi kuonwa na daktari, tangu dawa ya maumivu kuandikwa hadi kutolewa, tangu uamuzi wa upasuaji hadi kisu. Kwa upasuaji wa dharura wa mama mjamzito, kipimo kinachotajwa sana ni dakika 30.

Wodi ya wazazi ni mahali pazuri pa kuanzia. Tangu watafiti Thaddeus na Maine waandike mwaka 1994, wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutoka nyumbani, kufika kituoni, na kupata huduma ukishafika. Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya uzazi ulifanyika kwenye vituo vya afya. Maana yake akina mama wengi wameshavuka vikwazo viwili vya mwanzo kwa nguvu zao na za bodaboda. Cha tatu ni chetu, hatuna wa kumsingizia.

Hatua ya 2: Amua utawagawa wagonjwa kwa kigezo gani

Usitunge fomu mpya. Tumia kilichomo tayari kwenye faili, kwenye vitabu vya MTUHA (rejista za serikali za taarifa za huduma za afya) au kwenye mfumo wa kompyuta: njia ya malipo (bima, kulipa papo hapo, msamaha), saa na siku ya kufika, kijiji, umri, amekuja kwa rufaa au mwenyewe. Kwa mara ya kwanza chukua vigezo viwili tu.

Nyongeza ninazoruhusu ni mbili. Ya kwanza ni lugha. Kabila halina kazi hapa, usiliingize. Unachotaka kujua ni kama mgonjwa anajua Kiswahili cha kutosha kueleza maumivu yake na kuelewa anachotia saini. Mama anayezungumza Kidatoga peke yake, anayetafsiriwa na mama mkwe, hatakwambia mbele ya mkwe huyo kwamba aliwahi kutoa mimba. Herufi "L" pembeni ya jina inatosha kukumbusha atafutwe mkalimani mwingine. Ya pili ni ulemavu: yapo maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, yanayouliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana.

Kuna kigezo kimoja ninachokukataza kabisa: jina la mtumishi. Mara yangu ya kwanza niligawa kwa zamu na kwa majina, nikabandika jedwali kwenye chumba cha ripoti ya asubuhi. Kufika mchana lilikuwa limeshachanwa. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, saa kwenye mafaili zikaanza kupendeza mno: kila mgonjwa kasubiri dakika kumi na tano. Nilijitakia.

Hatua ya 3: Vuta mafaili 60 mfululizo

Pata kibali cha mganga mfawidhi, kisha nakili namba za mafaili bila majina. Chukua 60 yanayofuatana kwa tarehe. Ukimwachia mtu wa masjala akuchagulie, atakuletea yaliyo karibu na yaliyo nadhifu.

Faili lisilo na saa usilirudishe kabatini. Andika "haijulikani" na ulihesabu kwenye kundi lake. Tuseme kundi la bima lina mafaili mawili yasiyo na saa, na kundi la msamaha lina kumi na moja. Hapo umeshapata jibu la kwanza kabla hujagusa kikokotoo.

Hatua ya 4: Tafuta namba ya katikati, usikimbilie wastani

Chukua mfano wa wagonjwa watano waliosubiri dakika 20, 25, 30, 35 na 400. Wastani wao ni 102, na hakuna hata mmoja aliyesubiri muda unaokaribia huo. Mediani, yaani namba ya katikati ukizipanga, ni 30. Hiyo ndiyo hali ya mgonjwa wa kawaida. Ila yule wa 400 naye ni mtu, kwa hiyo kwa kila kundi andika namba mbili: mediani, na idadi ya waliovuka kikomo mlichokubaliana, kwa mfano dakika 60.

Linganisha wanaofanana. Aliyejikata kidole na mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi hawakai kwenye jedwali moja. Kundi likiwa na watu chini ya kumi, usilipigie kelele kwanza, ongeza mafaili.

Hatua ya 5: Tembea na faili

Namba zitakwambia kundi gani linasubiri. Hazitakwambia linasubiri wapi. Chukua mgonjwa mmoja wa kundi lile, muombe ruhusa, ufuatane naye dirisha kwa dirisha, ukiandika saa anapofika na saa anapotoka. Usimsaidie kupita foleni, ila akiwa katika hatari vua huo utafiti, uwe muuguzi.

Nilipofuata mafaili ya msamaha nilikuta hivi. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe malipo wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwenye kibao chetu imeandikwa kwa herufi kubwa: MPISHE MZEE APATE HUDUMA KWANZA. Lakini karatasi ya mzee asiye na uwezo hugongwa muhuri na afisa ustawi wa jamii, na ofisi yake hufungwa saa tisa na nusu alasiri kama ofisi nyingine za serikali. Mzee aliyefika saa kumi na ngiri iliyokaba akawa chini ya kile kibao, anasubiri muhuri. Daktari alikuwepo na chumba cha upasuaji kilikuwepo.

Ongea na mlinzi na wahudumu wa usafi. Wanajua nani hurudi nyumbani bila kuonwa, kuliko sisi tunaokaa vikaoni.

Soma pia maneno ya kwenye rejista. Yapo manne ninayoyatafuta kila mara: "hakuwepo", "ametoroka", "amekataa matibabu", "amechelewa kuja". Kijana mmoja aliandikwa "hakuwepo" mara tatu kwa asubuhi moja. Alikuwepo, ameketi hatua nne kutoka mlangoni. Ni kiziwi, na sisi tulikuwa tunaita "Namba ishirini na saba!" kwa sauti ya juu kabisa.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja, kwa wiki mbili

Kwenye foleni tulianza kuinua kadi yenye namba kubwa wakati wa kuita. Ni boksi tupu la glavu na kalamu ya wino mzito.

La msamaha lilihitaji watu zaidi. Kiongozi wa zamu akapewa mamlaka ya kusaini msamaha wa muda usiku na wikiendi, ustawi wa jamii wakauthibitisha asubuhi. Tukaandika pia orodha fupi ya huduma zinazotolewa kabla ya dirisha la malipo, dawa ya maumivu ikiwemo. Mkae na mhasibu na mfamasia kabla ya kuanza, siyo baada: wao ndio watakaoulizwa fedha imekwenda wapi, na wakishirikishwa mwisho watakuwa na haki ya kukataa.

Hatua ya 7: Pima tena kwa njia ileile

Mafaili 60, vigezo vilevile, kikomo kilekile. Angalia namba za makundi yote mawili, lililokuwa linachelewa na lililokuwa linawahi, maana pengo linaweza kuzibika kwa sababu wale waliokuwa wanahudumiwa haraka sasa nao wanacheleweshwa. Pima tena baada ya miezi mitatu, watu wakishaacha kulizungumzia.

Kisha rudi kwenye benchi usiku, bila sare. Niliporudi, nilimkuta mama mmoja anangoja msamaha wa muda. Kiongozi wa zamu alikuwepo, tayari kusaini. Fomu zilikuwa zimefungiwa kwenye droo ya sista wa mchana, na ufunguo ameondoka nao. Asubuhi tulizihamishia dirisha la mapokezi, kwenye boksi lisilo na kufuli.